Kona ya Kiwanja cha Bi Tatu

Vijana wa siku hizi mkija kwangu hapa Kibaha mnakuja na simu mkononi. "Mzee Omari, hebu icheki hii hati, iko sawa?" Picha ya hati! Sasa mimi nitajuaje kama iko sawa kwa kutazama picha? Nikiuliza kama kiwanja chenyewe mmekwenda kukiona, mnaniambia mmetumiwa video. Jamani! Halafu mnamaliza chai yangu, mnaaga, mnaondoka, na mimi nabaki barazani nikiiwaza kazi yangu ya zamani mpaka adhana ya magharibi inanikuta hapo hapo. Nimeona bora niandike, kila atakayekuja nimpe asome kwanza.

Nilikuwa karani wa wakili. Umri wangu wote wa kazi niliumalizia katika ofisi moja, kwa wakili mmoja, marehemu Festo, na kazi yetu kubwa ilikuwa kuhamisha miliki. Huyu anauza, yule ananunua, benki inakopesha, na sisi katikati tunahakikisha kila mmoja anaondoka na kilicho chake. Ukiisikia hivyo unaona ni kazi kavu, ya mihuri na mafaili. Wala haikuwa kavu. Naitamani hadi leo. Asubuhi naamka, navaa shati, nafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, ndipo nakumbuka kwamba sina ninapokwenda.

Haya, maswali yenu. Mnapenda kuniuliza kama wakili wa benki ni wakili wenu. Si wenu! Hata akikuchekea, hata akikuletea maji ya kunywa, yule kazi yake ni kuilinda benki. Anaangalia kama kiwanja kitauzika siku utakayoshindwa kulipa. Wewe tafuta wa kwako. Na hati utakayoweka rehani itakaa benki hadi umalize deni, kwa hiyo usije ukanililia kwamba umeibiwa.

Mnauliza tena kwa nini mke au mume lazima atoe ridhaa kwa maandishi. Ngoja niwaambie. Alikuja bwana mmoja kuuza nyumba, amemleta mama wa watu amejitanda vizuri, eti ndiye mkewe, yuko tayari kusaini. Festo akamwambia karibu mama, keti, habari za nyumbani. Kisha akamuuliza, taratibu kabisa, "Mama mkwe wako anaitwa nani vile?" Yule mama akatazama dari. Akasema, "Sisi tunamwita Bibi." Festo akasema, "Basi mpigieni Bibi simu tumsalimie." We! Bwana yule alikusanya karatasi zake, akasema anakwenda kutoa gari juani, na hatukumwona tena. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Festo mwenyewe hakucheka, alikuwa ameanza kumfikiria mke halisi aliyeko nyumbani anapika bila habari.

Upekuzi nao mnauliza. Upekuzi ni kwenda kwa msajili kuangalia jina la nani limeandikwa kwenye hati, na kama kuna rehani au zuio juu yake. Usiruke hatua hiyo. Lakini msajili atakwambia yaliyo kwenye daftari lake tu. Hatakwambia nani anapita hapo kwenda kisimani, nani alipanda ile minazi, wala nani ana kinyongo na nani. Kwa hayo Festo alikuwa na buti za mvua. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mwenye suti moja ya kahawia, na buti zake alizihifadhi chini ya meza. Siku ya kwenda kuona kiwanja alivua viatu, akavaa buti, suti ikabaki juu, tukaenda. Mawakili wenzake walimcheka sana. Mimi mwenyewe nilimcheka, mwanzoni.

Kiwanja tulikizunguka chote kwa miguu. Muuzaji mbele, mnunuzi nyuma yake, sisi tukifuata, na majirani wamesimama kila mmoja upande wake. Tukifika kwa jirani tunasalimiana, tunaulizana hali, ndipo anasema, "Mpaka wangu ni huu, sina neno na mtu." Tunasonga kwa mwingine. Asubuhi yote inakwenda hivyo. Mtu wa haraka angeona tunapoteza muda. Mimi nilizipenda zile asubuhi kuliko kitu chochote. Harufu ya majani ya mkorosho, umande kwenye suruali, watu wazima wanasema maneno machache na kuyamaanisha. Leo mnatazama mpaka kwenye kioo, mnauita location. Sawa, teknolojia nzuri, sibishi. Ila nazitamani zile asubuhi, na nisipolisema hili nitakuwa nawadanganya.

Sasa nawapeleka kwa Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa mama wa makamo ya uzee, anaishi peke yake Kisarawe, upande wa kuelekea Msimbu, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Kilikuwa kimepimwa, kina hati, jina ni lake. Miguu ilianza kumsumbua, hawezi tena kuteka maji, na mwanawe Jumanne, fundi wa magari hapa Kibaha, alitaka mama ahamie kwake. Wakakubaliana wauze. Mnunuzi akapatikana, Mwalimu Neema, mtu wa Singida, aliyekuwa akipanga vyumba hapa Kibaha na wanawe na amehamishiwa shule ya Kisarawe. Benki ilikwisha kumpa barua kwamba itamkopesha, na barua ile ilikuwa na mwisho wake. Neema ndiye aliyekuwa mteja wetu. Alikuja ofisini na ramani ya nyumba ameichora mwenyewe kwa rula, anatuonyesha chumba cha watoto, anatuonyesha jiko, uso wote unang'aa.

Tulikuwa na kawaida ya kumuuliza muuzaji kama kiwanjani kuna makaburi. Huku kwetu watu walizikwa mashambani mwao, na benki haipendi kabisa kusikia habari hiyo. Jumanne alijibu hakuna, wazee wao wote wamelala makaburi ya kijiji. Alisema kweli kwa kadiri alivyojua. Bi Tatu alikuwa pale pale, hakusema kitu.

Siku ya kuzunguka mipaka Jumanne alitangulia, ana haraka zake. Tulianzia bondeni, tukapanda na mpaka kupita kwenye muhogo. Tulipokaribia kona ya juu, iliyo jirani na barabara, sote tulikata moja kwa moja kuelekea kwenye bikoni, lile jiwe la mpaka. Bi Tatu akatoka kwenye mstari. Aliinua kanga yake kidogo, akazunguka kwa mbali na ile miguu yake mibovu, akatutokea upande wa pili. Nilidhani anakwepa miiba. Wakati wa kurudi Festo alitupitisha tena kona ile ile. Bi Tatu akazunguka tena.

Festo akasimama. "Mama, hapo pana nini?"

Jumanne akacheka. "Kichuguu hicho, wakili. Mama hajawahi kulima hapo, uvivu wake wa zamani."

Nikatazama vizuri. Muhogo ulikuwa umejaa kila mahali, lakini pale palikuwa na nafasi tupu, inatosha kutandika mkeka. Hakukuwa na kichuguu. Udongo ulikuwa umefagiliwa, alama za ufagio zinaonekana.

Festo akavua kofia yake. "Shikamoo tena, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani amelala hapa?"

Bi Tatu alikaa chini palepale kwenye muhogo, miguu ameinyoosha. Akasema, "Mwanangu. Wa kwanza."

"Wa kwanza si mimi, mama?" Jumanne akauliza.

"Wewe wa pili, baba."

Akatueleza. Alikuwa msichana, ndiyo kwanza ameolewa. Alijifungua mtoto wa kike, mtoto akafa kabla ya siku ya kutolewa nje. Enzi hizo, kwa wazee wao, mtoto wa namna hiyo hakuwekewa matanga. Bibi wawili walimchukua, wakamlaza karibu na nyumba, wakarudi wakanawa mikono. Mama mtu akaambiwa asilie, eti akilia atamzuia anayekuja. Hakuhesabiwa, hakupewa jina mbele za watu, na Bi Tatu mwenyewe tulipouliza habari za makaburi aliona hilo swali halimhusu mwanawe. Lakini kila alipolima alipaacha, na kila asubuhi alipofagia uwanja alifika mpaka pale. Nyumba ya kwanza ilianguka, wakajenga nyingine chini zaidi, yeye akaendelea kupanda hadi juu kufagia.

"Nilidhani nitaweza kuondoka," alisema. "Nilikuwa nikijizoeza. Siku nyingine nilipita kufagia, nyingine nikaacha. Siku nikiacha silali. Nikajiambia nitazoea nikiwa mbali. Uongo. Leo mmekuja na viatu vyenu mkapita juu yake, nimeona hapana."

Jumanne alikuwa kijana mzuri, msimhukumu. Alikuwa amechanganyikiwa tu. Alichuchumaa mbele ya mama yake, akamwambia kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia, "Mama, si hakuna anayejua? Tunyamaze, mambo yaishe, uje nyumbani upumzike."

"Jumanne, mimi nimenyamaza tangu wewe hujazaliwa," akamjibu. "Nimechoka kunyamaza. Kama watu hawawezi kuniachia mahali pa mwanangu, siuzi. Nitabaki hapa na miguu yangu hii hii."

Na Neema? Neema alikasirika. Nawaambia ukweli, alikasirika sana. "Hivi kwa nini hamkusema toka mwanzo? Mimi nimeshaaga kwa mwenye nyumba! Watoto nimewaambia!" Akageuka akashuka bondeni peke yake, ramani yake ameikunja mkononi. Nilimhurumia yeye, nikamhurumia Bi Tatu, nikawa sijui nimtazame nani.

Kesho yake Neema alikuja ofisini. Hapa, nyinyi mnaofanya kazi hii, sikilizeni. Festo hakumwambia huruma ni kitu kizuri. Alimwambia, "Mwalimu, mimi ni wakili wako, si wa Bi Tatu. Siwezi kukutuma ukamhurumie mtu. Naweza kukueleza tu utapata nini na utakosa nini. Kuficha sitakubali, benki lazima ijue. Unaweza kujitoa, tukutafutie kiwanja kingine. Au kona ile imegwe, ipimwe peke yake, ibaki kwa jina la Bi Tatu na njia yake ya barabarani. Ukichagua hivyo utapoteza sehemu nzuri ya kiwanja, na barua yako ya benki itaisha muda kabla upimaji haujakamilika. Utaomba upya, na sikuahidi kwamba utapewa."

Nilikuwa kwenye meza yangu napiga mihuri kwenye karatasi ambazo nilikwisha kuzipiga. Moyoni nilikuwa nasema, mwambie, Festo, mwambie amwonee huruma yule mama! Hakumwambia. Neema akaaga, akaenda zake, siku zikapita bila habari. Jumanne alipita mara kwa mara kuuliza. Mama yake alikuwa ameanguka akibeba ndoo, na bado anasema haondoki.

Nilikwisha kukata tamaa ndipo Neema akaja, mchana wa jua kali, vumbi la chaki kwenye mikono. Hakukaa hata kwenye kiti. "Mzee Omari, wakili yupo? Mwambie wamege hiyo kona." Akatoa ile ramani yake, akanionyesha. "Unaona hapa? Hapa nilikuwa nimechora jiko. Ningekuwa napika juu ya mtoto wa watu, na mama yake yuko Kibaha anajua. Ningekula chakula gani mimi?"

Nilikwenda kumwita Festo nikiwa nimeshika pua kana kwamba nina mafua.

Msidhani mambo yalikwenda kama maji baada ya hapo. Wakili wa benki, binti mmoja makini sana, alituambia wazi kwamba kiwanja chenye kaburi hawezi kukipitisha, ila kikimegwa kikawa safi atakitazama upya. Alikuwa na haki yake na alitutendea vizuri. Mpima naye alitushangaa. "Mzee Omari, eneo la mkeka mmoja halipimiki! Nitachora kitu gani?" Ikabidi kona yote ikatwe, pamoja na kivuli cha mkorosho mkubwa ambacho Neema alikuwa anakihesabu kuwa baraza yake. Ramani ikaenda halmashauri, ikarudi, ikaenda tena. Mtu wa kusaini akawa likizo. Barua ya benki ikaisha. Neema akaendelea kupanga, na mwenye nyumba ambaye alikwisha kuagwa akawa anamuuliza kila asubuhi, "Mwalimu, si ulisema unahama?" Jumanne alikuwa akienda kumtekea mama yake maji kila alipofunga gereji. Nadhani alianza pia kufagia ile kona, maana siku moja nilimkuta na ufagio, akauficha nyuma ya mgongo.

Mwishoni benki ilikubali tena. Siku ya kusaini Bi Tatu alikuja amevaa kanga mpya. Aliweka dole gumba kwenye karatasi za kuuza, kisha akakabidhiwa hati ndogo ya kona yake. Hakuweza kuisoma. Alimwomba Neema amsomee, na Neema, mwalimu yule, akamsomea kuanzia juu mpaka chini kwa sauti ya darasani, na namba za bikoni, na kila kitu.

Toka siku ile nilibadilisha swali langu. Sikuuliza tena kama kuna makaburi. Nilimtafuta mama au bibi wa nyumba, nikamtoa pembeni mbali na wanaume wenye haraka, nikamuuliza kama kuna mtu yeyote amelazwa hapa, hata mdogo, hata wa zamani. Mngeshangaa majibu niliyopata. Msije mkaliuliza swali hilo kwa ujumbe wa simu, nawaombeni.

Festo ametangulia mbele ya haki. Ofisi sasa ni duka la vifaa vya simu. Mimi nikastaafu, na kitu kimoja tu cha kazi nimebaki nacho. Kila mwezi wa Shabani, kabla ya mfungo, nampitia Bi Tatu kwa Jumanne, namsindikiza kwenda kufagia kona yake. Neema amejenga. Jiko lake liko upande mwingine kabisa, na ukuta wake umepindishwa kuiacha kona nje, na kageti kadogo kasikofungwa. Watoto wake wanamkimbilia Bi Tatu na ndoo ya maji. Wanajua nani amelala pale. Wanamwita dada.

Safari ya kwanza kabisa, tulipomaliza kufagia na kunyunyiza maji, Bi Tatu alitandika mkeka, akasoma dua alizohifadhi kichwani. Mimi nilisimama kando, kwa adabu, nikimngoja. Alipomaliza akainua uso.

"Na wewe, Omari mwanangu, wa kwako wamelala wapi? Mbona hujanambia siku moja kwamba unakwenda kufagia kwenu?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa. Nimeuliza watu wengi, mimi hakuna aliyeniuliza. Nikamwambia mama yangu alifariki nikiwa mdogo, akazikwa kwenye shamba letu la zamani. Wakati ule wa watu kuhamishiwa vijijini tukaondoka na mizigo yetu, yeye akabaki. Nilipokuwa mtu mzima nilirudi kumtafuta, nikakuta mashamba ya watu, nyumba za watu, hakuna anayejua. Nimezunguka mipaka ya kila mtu, nikamwambia, lakini mahali pa mama yangu sipajui. Huwa namtamani sana, Bi Tatu. Na uzee huu ndiyo nazidi.

Bi Tatu akajivuta na miguu yake, akaniachia nusu ya mkeka.

"Anaitwa nani?"

"Mwanahawa."

"Basi kaa. Mwite hapa. Hapa pana hati, hakuna wa kumhamisha."

Nikavua viatu, nikakaa, nikamwita mama.